Siku Mama Aliponiacha Getini

Mdogo wangu alikuja kunipokea uwanja wa ndege wa Heathrow, London, bila gari. Nimetoka Houston, saa tisa na zaidi angani, masanduku mawili makubwa na moja limejaa zawadi za watu, halafu namwona mwanamume mzima amesimama mikono mitupu, ananichekea. Nikamuuliza gari kaliegesha wapi. Akanyanyua sanduku lile zito, akasema, "Liko chini, dada. Lina mabehewa sita."

Nilinuna mpaka Tottenham. Treni mbili, ngazi za umeme, ngazi za kupanda kwa magoti yako mwenyewe, kisha dakika kumi kwa miguu kwenye kibaridi cha mwezi wa nne, sanduku likigonga kila ufa wa njia. Kwangu Texas mgeni hapokewi hivyo. Unamfuata na gari uliloliosha jana yake, unamfungulia mlango, unamwashia kiyoyozi, anafika nyumbani viatu havijaona vumbi. Mimi ni mtu wa gari. Miaka kumi na minane niko Marekani. Nikitaka maziwa naenda na gari, nikitaka kutembea kwa ajili ya afya naendesha gari mpaka mahali pa kutembelea. Haya yote niliyasema ndani ya treni, kwa sauti, kwa Kiswahili, nikijua hakuna anayenielewa. Mama mmoja aliyekaa mkabala nami akavuta mtandio mdomoni kuficha kicheko.

Sasa mtu asidhani nilivuka bahari ili nije kugombana na treni. Nilimfuata mama. Mama yetu anaishi Tanga, na miezi ile alikuwa London kwa mdogo wangu kwa matembezi. Binti yangu wa pekee alikuwa anamaliza chuo kikuu mwezi wa tano, na nilitaka siku ya mahafali bibi yake awe amekaa mstari wa mbele. Viza ya Marekani mama alikuwa nayo, bado hai. Mara tatu nilimwomba kwenye simu, mara tatu akakataa kwa adabu, akaniuliza habari za mvua. Ndipo nikaomba likizo ya wiki moja, nikaja kumwomba uso kwa uso. Jumamosi ningeondoka naye au ningeondoka peke yangu, hapakuwa na la tatu.

Sababu yake niliijua, na ndiyo iliyoniuma. Miaka miwili nyuma alikuja kwangu Houston akae miezi sita. Nilimwandalia chumba chenye bafu lake, zulia jipya, televisheni ukutani. Asubuhi na mapema mimi naenda kazini hospitali, kwenye ofisi ya bima, narudi jioni. Binti yangu yuko chuoni, mji mwingine. Mama anabaki na friji. Duka la karibu ni dakika kumi na mbili kwa gari, na gari ninalo mimi. Msikiti nusu saa. Mtanzania wa karibu tunayefahamiana naye, dakika arobaini na tano za barabara kuu, kama hakuna foleni. Mtaa wetu hauna hata njia ya waenda kwa miguu. Ni lami, kisha nyasi, kisha milango ya gereji inayofunguka yenyewe na kumeza watu.

Wiki ya tatu mama akachoka kusubiri. Akajitanda khanga zake, akatoka kwenda kutafuta binadamu. Alitembea juu ya nyasi, kando ya barabara, mpaka gari la polisi likasimama. Kumbe jirani alishapiga simu kwamba kuna mwanamke mzee anatangatanga. Askari mwenyewe alikuwa mpole, alimfungulia mlango wa nyuma, akamrudisha mpaka mlangoni. Nilipofika nilimkuta amekaa kitandani, khanga bado kajitanda. Akaniambia, "Kwako kuzuri, mwanangu. Lakini mimi si kabati, nikae pale uliponiweka."

Wiki ya saba alikuwa Tanga. Nami nilikasirika, nasema kweli. Nilikuwa nimeuza usingizi wangu miaka yote ile kununua nyumba yenye chumba cha mama, na mama kakipa kisogo.

Kwa hiyo nilipoingia kwa mdogo wangu roho yangu ilitulia. Flati ya vyumba viwili, ghorofa ya tatu, lifti inafanya kazi ikipenda. Mama alikuwa analala chumba kimoja na mjukuu wake wa miaka tisa, mtoto anayemsikia bibi yake kila neno la Kiswahili na kumjibu kila neno kwa Kiingereza, na wanaelewana vizuri tu. Nikajisemea, hapa nimeshinda. Nitamwonyesha picha za chumba chake kinavyomngoja, na mwenyewe atafunga sanduku.

Kesho yake nikaamka saa nne, mama hayupo. Wifi yangu akaniambia kaenda sokoni kutafuta bamia. Na nani? Peke yake. Nikashika kiuno, nikamuuliza wifi kama ana akili timamu. Akacheka, akasema ni pale tu karibu na stesheni, na wauza mboga wote wanamjua, yuko mmoja anamwekea mihogo. Mama akarudi na mfuko, pumzi juu juu, mashavu yanang'aa. Nikajipa moyo kwamba soko la jirani si safari, hata mtoto anafika.

Kila jioni mimi na mdogo wangu tulikuwa na ligi. Yeye anasema Ijumaa akitoka kazini anapanda treni na mkewe, Jumamosi wanakula mchana Paris, Jumapili jioni wako Tottenham wanapiga pasi sare ya shule. Mimi nikiendesha gari kwa muda huo huo bado niko Texas, natazama ng'ombe wale wale. Nikamwambia sawa, lakini gari linakutoa mlangoni linakufikisha mlangoni, hakuna mtu wa kukupumulia shingoni, mzigo uko nyuma, redio yako, upepo wako. Ulaya mnatembea kama mnakimbizwa. Miguu yangu ilikuwa imevimba, nimeiloweka kwenye beseni la maji ya chumvi huku naisifu Marekani. Mdogo wangu akaniuliza, "Na asiyejua kuendesha, dada?" Nikajifanya maji yamepoa, nikamtuma aniongezee ya moto. Mama alikuwa anachambua miiba ya samaki.

Nikitaja mahafali anaulizia mvua ya Houston. Nikimwonyesha picha ya chumba anasema mashallah, anairudisha simu. Jumatano ikapita hivyo. Nikaanza kuona nitakavyopanda ndege peke yangu, na nitakavyomweleza binti yangu.

Alhamisi mama alikuwa na mwaliko Kingsbury, upande wa pili wa London, kwa shoga yake. Huyu shoga ni Mhindi wa Tanga. Ujanani kwao walikuwa na duka la vitambaa, na mama alikuwa akiwashonea. Wakashonana na wao wenyewe mpaka wakawa ndugu. Kisha familia ile ikahamia Uingereza, wakapoteana miaka mingi, hadi safari hii mdogo wangu alipoulizia huku na huku akampata. Mama alishakwenda kwake mara mbili, akipelekwa na wifi. Mara hii wifi alikuwa kazini, nikajitolea kumpeleka mimi. Nikataka tuite teksi. Mama akasema teksi inakwama njiani, tupande treni. Nikakubali bila ubishi, maana nilikuwa namwomba kitu kikubwa kuliko teksi.

Tulifika stesheni ya Seven Sisters saa nne na nusu, watu tele. Mama akatoa mkobani kadi yake ya bluu ya nauli, aliyonunuliwa na mdogo wangu. Nikamzuia mkono. Weka hiyo mama, nipo mimi. Kwetu Tanga mtoto mzima akimwacha mama yake atoe nauli mwenyewe, na watu wanaona, atasemwa mpaka msibani kwake. Mama akaniangalia kama anataka kusema jambo, akaghairi, akairudisha kadi mkobani. Nikagusisha kadi yangu ya benki pale kwenye kiduara cha njano, milango ya geti ikafunguka, nikamsukuma mama mgongoni taratibu apite. Akapita. Nikagusisha tena, sasa zamu yangu. Taa nyekundu. Nikagusisha kwa nguvu zaidi, eti pengine haikunisikia. Nyekundu vile vile. Nyuma yangu watu wakaanza kuhema kwa ile hasira ya Kiingereza isiyo na maneno.

Nikajaribu geti la pili, la tatu. Ndipo akaja mfanyakazi mwenye kizibao cha rangi ya chungwa, akanieleza taratibu, kama anavyoelezwa mtoto, kwamba kadi moja ni ya mtu mmoja, na hii imeshaanza safari. Nikamwambia imeanza safari na mama yangu. Akaniuliza huyo mama yuko wapi. Nikageuka. Mama hayupo.

 Yule bwana akaniuliza kama mama anajua Kiingereza. Nikasema hapana. Ana simu? Hapana, ameiacha inachaji. Anajua anakokwenda? Nikasema hapana. Hapana tatu hizo nilizitamka kwa mdomo wangu, na mpaka leo nikizikumbuka naona haya. Akashika redio yake, akatangaza mwanamke mzee, mfupi, koti jeusi, mtandio wa kijani, amepotea, anaelekea Kingsbury. Nikampa kadi yangu nyingine, akanisaidia kupita. Nikashuka zile ngazi za umeme mbio, nikiwakanyaga watu na kuwaomba radhi kwa lugha mbili. Nilipofika chini treni ndiyo inaondoka, nikaona mkia wake unaingia kizani.

Nilitoa simu nimpigie mdogo wangu, nikairudisha mfukoni. Kule chini haina hata mtandao, lakini ingekuwa nao nisingempigia. Ningemwambia nini? Nimekuja kumchukua mama nimvushe bahari, nimempoteza kituo cha kwanza? Nikapanda treni iliyofuata. Kila kituo nilitoa kichwa mlangoni kutafuta mtandio wa kijani. Niliomba dua zote nilizofundishwa madrasa, na zilipokwisha nikatunga zangu. Niliapa wallahi nikimpata mama salama sitamsumbua tena na Marekani yangu, akae atakapo. Green Park, mahali pa kubadilisha treni, kuna ushoroba mrefu usiokwisha. Niliukimbia wote, mimi niliyekuwa siwezi kutembea kwenda kununua maziwa. Nikakuta treni ya njia ya kijivu, maana kule kila njia ina rangi yake kwenye ramani, mlango uko wazi, nikajitupa ndani.

Treni ikatoka ardhini, mwanga ukaingia, nyumba na bustani zikapita. Nikaanza kupumua. Tukafika Wembley Park, watu wote wakasimama, wakashuka. Sauti ikatangaza jambo, sikulishika. Treni ikazimwa taa. Nikabaki kwenye jukwaa, sijui niende wapi, na simu ikaita, namba nisiyoijua.

"Uko wapi wewe?" Ni mama.

Nilitaka kusema, machozi yakanitangulia. Nikamtajia kituo.

"Umeshushwa," akasema, bila hata kupandisha sauti. "Hiyo treni uliyopanda haifiki huku. Unasoma mbele ya treni kwanza ndiyo upande. Sasa kaa hapo hapo. Panda ya kijivu inayofuata. Usipande ya zambarau, itakupitiliza. Kituo kimoja tu. Utalia ukifika."

Akakata simu. Nikasimama pale, mwanamke wa miaka hamsini, kamasi zinanitoka, ninacheka peke yangu. Ikaja ya zambarau, nikaiacha ipite kama nilivyoagizwa. Ikaja ya kijivu, nikasoma mbele yake, nikapanda.

Kingsbury nilipopanda ngazi kutoka jukwaani niliwaona nje ya geti, mama na shoga yake, wameshikana mikono. Mama hakunikumbatia. Alinitazama kuanzia viatu, akasema nimetota jasho. Mimi ndiye niliyemkumbatia, pale pale katikati ya njia, na watu wakatupisha.

Hadithi yenyewe niliipata kwa shoga yake, juu ya chai ya maziwa na bajia, na aliyeisimulia zaidi ni yeye mwenye nyumba, kwa Kiswahili chake cha Tanga ambacho hakijabadilika hata nukta. Alikuwa amekwenda kumngoja mama stesheni kama walivyopatana. Mama akaja, akagusisha kadi yake mwenyewe ya bluu, geti likafunguka. Yule mlinzi wa geti, ambaye alishapata habari kwenye redio, akamwona mtandio wa kijani, akamkimbilia na kumuuliza kama yeye ndiye bibi aliyepotea. Mama akamnyooshea kidole kule nyuma, akamjibu kwa Kiingereza chake cha maneno matatu kwamba yeye hakupotea, aliyepotea ni binti yake. Shoga yake alicheka akashika ubavu. Alisema mlinzi aliandika na jina langu. Kisha mama akamwomba shoga yake simu, akanipigia, maana namba yangu anaijua kwa kichwa.

Nikamuuliza mama alijuaje njia. Akanishangaa. Akatoa tasbihi yake mfukoni. Vituo saba vya treni ya samawati, kumi na mbili vya kijivu. Kila kituo anasogeza punje moja. Alihesabu mara mbili alipokuja na wifi, mara ya kwanza kwenda, mara ya pili kuhakikisha. "Na kusoma najua," akasema. "Herufi zao si zile zile zetu?" Nikamuuliza mbona hakunisubiri. Akasema aliniona nimekwama, akanisubiri chini, treni moja ikapita, ya pili akapanda. Shoga yake anangoja. Na mimi nina simu, nina Kiingereza, nina akili zangu, nitafika.

Jamani, fahari niliyoisikia siku ile sijawahi kuisikia, hata nilipokabidhiwa funguo za nyumba yangu. Nilitaka kutoka nje niwaambie wauza mboga wote wa barabara ya Kingsbury kwamba huyu mama yangu ana miaka sabini na minne na amevuka London peke yake. Na chini ya ile fahari kulikuwa na aibu, siifichi. Mwanamke huyu huyu, kwa miguu hii hii, kule kwangu alirudishwa nyumbani kwenye kiti cha nyuma cha polisi. Mimi nikaona ana matatizo yeye. Sikuwahi kufikiri kwamba nilimleta mahali ambapo asiye na gari hana miguu.

Basi nikaweka kikombe chini, nikamwambia mama, mbele ya shoga yake, kwamba nimeelewa. Sitamwomba tena habari za Houston. Nitampigia binti yangu simu nimweleze, na picha za mahafali tutamtumia.

Mama akatafuna bajia yake mpaka ikaisha. Akafuta vidole.

"Kule kwako kuna basi?"

Nilifungua mdomo niseme hapana. Kwetu mtaani hakuna mtu apandaye basi, sijawahi kuliona. Lakini siku hiyo nilishasema hapana za kutosha juu ya mambo nisiyoyajua. Nikatoa simu, nikafungua ramani, nikatafuta. Wazee wawili wakanisogelea, shoga yake akavaa miwani. Basi lipo. Linapita kila baada ya saa moja, kituo chake kiko ubavuni mwa sheli ninapojaza mafuta kila wiki. Linakwenda mpaka kwenye maduka, na pale unabadilisha jingine linalopita mbele ya msikiti. Miaka yote niliyokaa mtaa ule nimepita pale, kibao chake sikuwahi kukiona.

"Kutoka nyumbani mpaka kituoni?"

Nikamwambia dakika ishirini na mbili kwa miguu.

"Miguu yako au yangu?"

Nikasema yangu, yake labda kumi na nane. Shoga yake akacheka tena. Mama hakucheka. Akauliza kama pana njia ya kutembelea, nikamwambia kweli, nusu yake ni nyasi.  Akauliza mahafali ni tarehe ngapi, na kama ndege ya Jumamosi bado ina nafasi, ile ile yangu. Nikamwambia inayo. 

"Nitakuja," akasema. "Siku ya kwanza tutapanda hilo basi wote wawili, unionyeshe. Siku ya pili utaniacha niende. Na polisi akisimama, ni mimi nitakayezungumza naye."

Nikamwambia ndiyo, mama. Nikakata tiketi pale pale, kwenye simu, kabla chai haijapoa.